Wanamuulizia Tenneh

28 Mei

Mvua ya kwanza imepiga leo, ikaingia ofisini kupitia palepale ilipoingia mwaka jana. Nimesogeza meza. Naibu niliyekuwa nikiomba nipewe tangu mwaka juzi amefika pamoja na mvua hiyo: mwanamke wa kabila la Wamende, kutoka Kenema, anaitwa Tenneh Lahai. Viatu vyake vilikuwa tope tupu na alijicheka mwenyewe kabla sisi hatujamcheka.

Nimemweleza kwamba ofisi hii ya manispaa ni ya taka, mitaro, mabomba na malalamiko ya watu wote wa upande wa mashariki, na kwamba wabaya kuliko wote ni wa Makoba, ule mtaa ulioning'inia juu mlimani.

"Wabaya vipi, Mkuu?"

"Hawaamini kitu."

Sikumwambia kwamba mama yangu anaishi hukohuko.

2 Juni

Tenneh ametoa meza yake nje na kuiweka barazani. Anasema pale dirishani mtu anainama kama anayeomba sadaka, na akisimama wima anaongea na ukuta. Nimekaa nyuma ya dirisha hilo miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniambia anaumwa mgongo. Nimemwachia. Mvua ikikolea atairudisha ndani mwenyewe.

3 Juni

Hakuirudisha. Amefunga turubai.

9 Juni

Bomba la Makoba limekauka tangu Jumamosi. Kifaa cha pampu kimeagizwa na hakijafika. Mimi katika hali kama hiyo hukaa kimya mpaka kifike, maana utamwambia nini mtu ambaye hana maji? Tenneh amepanda mlima kwa miguu, katika utelezi ule, kwenda kuwaambia kwamba hakuna habari.

"Umepanda kote kule kwenda kusema bado?" nikamuuliza aliporudi.

"Ndiyo, Mkuu."

"Wakasemaje?"

"Wamenitukana kidogo. Halafu wakanipa kiti."

Nilicheka. Niliwasimulia hata madereva wa gari la taka, tukacheka wote. Lakini njiani kwenda nyumbani kicheko kiliniisha, nikabaki na hicho kiti. Mimi Makoba hawajanikaribisha kitako tangu mwaka jana.

Niandike sababu, kwa kuwa hapa hakuna wa kumdanganya. Mwaka jana mvua zilipozidi nilipanda na kipaza sauti nikawaambia watu wa nyumba za juu washuke, walale shuleni, na kwamba kila familia itapewa kiwanja upande wa pili wa mji. Agizo kutoka juu ndivyo lilivyosema, nami nililiamini. Walishuka. Walilala kwenye sakafu ya shule mpaka shule ilipofunguliwa, wakatolewa, na viwanja havikuwapo. Walipopanda nyumbani walikuta milango imeng'olewa na sufuria zimeibiwa. Wakubwa walioamua walikuwa ofisini kwao. Sauti iliyosikika Makoba ilikuwa yangu.

16 Juni

Kifaa kimefika, maji yanatoka. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu bohari kila asubuhi mpaka yule mtunza bohari akaanza kunikatia. Wanawake wa Makoba wameshuka na fungu kubwa la kisamvu, wakampa Tenneh.

17 Juni

Mvua siku nzima. Bado nawaza kile kisamvu.

24 Juni

Leo Tenneh ameingia na bakuli lililofungwa kwa kitambaa cha maua. Nilikijua kile kitambaa kabla hajafungua kinywa.

"Mkuu, hii nimepewa na Ya Posseh, yule bibi wa nyumba ya mwisho kule juu. Amesema nikuletee. Sikujua kwamba ni mama yako."

Mchuzi wa karanga na samaki wa kukausha. Mama yangu amempikia Tenneh, Tenneh ameshiba, na mimi nimeletewa yaliyobaki. Mchuzi ambao nikiuomba mimi, Mama anasema magoti yanamuuma hawezi kusimama jikoni.

"Ana maneno mama yako," Tenneh akasema, anacheka. "Ameniambia nina miguu ya kuku lakini moyo mzuri."

Nilimshukuru. Niliusukuma mchuzi kando nikasema sina njaa. Alipotoka niliula wote, mpaka nikafuta bakuli kwa kidole.

5 Julai

Mkurugenzi, Bwana Nicol, alikuja kukagua mtaro mpya na tukapanda naye Makoba. Mzee wa mtaa, Pa Santigie, alitupokea chini ya bati la duka lake la mkaa. Mimi nikatoa salamu za manispaa kwa Kitemne safi, lugha ya mama yangu na ya babu yangu. Watu waliitikia kama wanaoitikia sala.

Kisha Tenneh akasimama. Kitemne chake ni aibu. Alitaka kusema mtaro utazibuliwa Alhamisi, akasema mtaro utaolewa Alhamisi. Mtaa mzima ulianguka kwa kicheko.

"Mahari ngapi?" akapaza Mbalu, muuza samaki wa kukaanga, mwenye ulimi kuliko wote pale.

"Majembe mawili na gari moja la taka," Tenneh akamjibu. "Likiharibika gari nitakuja kuwaambia ndoa imeahirishwa."

Wakapiga makofi. Bwana Nicol akaniinamia sikioni: "Huyu umempata wapi?" Aliniuliza mimi, kama vile nimeokota dhahabu. Nikasema, "Ni mzuri, ndiyo," na meno yangu yakakutana.

Mbalu alinipita wakati wa kushuka. "Mama Ofisi, na wewe hujambo," akasema. Ndivyo wanavyoniita. Tenneh wanamwita Tenneh.

9 Julai

Alhamisi. Gari lilifika. Mtaro umezibuliwa. Wamekuja barazani wakiimba kama watu wa harusi kweli.

13 Julai

Nimepanda kumwona Mama. Nilimkuta anamsuka Tenneh nywele. Tenneh amekaa chini, kichwa chake kipo katikati ya magoti yale yanayouma, na Mama anampigia hadithi za baba yangu ambazo mimi sijawahi kuzisikia.

Nilisimama mlangoni muda. Hakuna aliyeniona.

15 Julai

Bwana Nicol amepiga simu kuuliza nina haja gani kabla ya mvua kubwa. Nilikuwa na haja nyingi: majembe, turubai, mafuta ya gari. Nikasikia mdomo wangu ukisema ofisi ya magharibi imelegea, na kwamba itakuwa ubinafsi mimi kumng'ang'ania mfanyakazi kama Tenneh wakati wenzetu kule wanazama katika malalamiko.

"Una roho nzuri, Yeabu," akasema. "Wakuu wengine wangemficha."

22 Julai

Tenneh ameondoka leo. Alikunja turubai lake, akairudisha meza ndani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Anaamini ni uamuzi wa juu. Aliniachia maelezo ya kila jambo alilowaahidi watu, na lini atawarudia. Nilipomaliza kumsikiliza nikagundua yalikuwa machache sana. Haahidi ovyo.

Ofisi imetulia. Nimelala mchana kidogo, kichwa mezani.

23 Julai

Wanamuulizia Tenneh.

24 Julai

Wanamuulizia Tenneh.

29 Julai

Nimepanda Makoba mwenyewe. Nilijiambia kazi hii si uchawi, kama ni kupanda mlima, miguu ninayo. Bomba limekauka tena, nami nikaenda kusema bado, kama yeye.

"Kifaa bado," nikamwambia Mbalu, aliyekuwa anapindua samaki karaini.

"Sawa, Mama Ofisi."

"Nimekuja tu kuwaambia."

"Tumesikia." Akageuza samaki mwingine. "Tenneh yuko wapi?"

Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi kama wangenitukana.

Kwa Mama nako ni hilohilo. "Nani amemhamisha yule mtoto?"

"Ofisi, Mama."

"Ofisi ndiyo nani?"

Nikasema magari ya kuteremka yataniacha. Mama alinitazama mpaka nilipofika kwenye kona.

6 Agosti

Mvua.

7 Agosti

Mvua. Godoro linanuka unyevu.

8 Agosti

Mvua. Barua ya Tenneh kutoka magharibi imekuja na dereva, mstari mmoja: anauliza bomba la Makoba limepona? Nimeiweka chini ya birika la chai.

11 Agosti

Pa Santigie ameshuka mwenyewe, na yeye si mtu wa kushuka. Juu ya nyumba za mwisho, anasema, ardhi imepasuka kwa urefu, ufa wa kuingiza mkono. Nilipanda naye. Ufa upo. Nilipoingia kwa Mama mlango ulikuwa haufungi, fremu imepinda. Anasema mbao zimevimba kwa maji. Milango ya jirani pia imevimba, yote upande mmoja.

12 Agosti

Watu wa hali ya hewa wametoa onyo la mvua kubwa kuliko iliyopita. Bwana Nicol amesema: watoe watu wa juu. Nilimuuliza niwaambie watapata nini. Akasema, "Waambie kile cha mwaka jana, mambo yatapangwa."

Nilipanda na kipaza sauti. Kilipokoroma tu, watoto wakaanza kunigeza. Nilisema washuke shuleni. Nilisema mambo yatapangwa.

"Mwaka jana ulinipa kiwanja," Mbalu akasema, na wote wakanyamaza ili wasikie vizuri. "Bado nakitafuta. Mwenzangu ukikiona niambie, nina mbegu za mihogo zinaoza."

Walicheka mpaka wengine wakajishika kiuno. Kisha mvua ikaanza na kila mtu akaingia kwake. Nilibaki peke yangu nimeshika kile chombo.

Nikaenda kwa Mama. Nikamwambia afunge vitu vyake, anakuja kwangu leo.

"Unaniondoa kama mama yako au kama ofisi?"

"Kama mama yangu."

"Basi na wenzangu nao watoke. Nikitoka peke yangu watasema Yeabu amemtoa mama yake, amewaacha wengine. Nitaishi nao vipi?" Akavuta shuka. "Angekuwepo yule mtoto wangemsikia."

Nilimwambia yule mtoto ana mama yake Kenema. Nilimwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mama yangu.

17 Agosti

Siandiki vizuri. Lakini niandike kabla sijasahau lolote.

Asubuhi maji ya kijito cha Makoba yalikuja mekundu kabisa, mazito, na baadaye yakakatika ghafla, mvua ikiendelea kupiga. Pa Santigie alinipigia. "Maji yamesimama, binti yangu. Yamekwama mahali huko juu." Nilichukua bodaboda mpaka daraja, kisha nikapanda kwa miguu na mikono. Miti ya juu ya ufa ilikuwa imeinama yote kuelekea mjini.

Nilipiga kelele mlango hadi mlango. Baadhi walichungulia. Mbalu alisema, "Mama Ofisi, utapata homa."

Nilikaa kwenye ngazi ya duka la mkaa nikalia, na sikulia kwa ajili yao. Nililia kwa sababu nilijua kitu cha kufanya na sikutaka kukifanya. Nilikuwa nimekijua tangu ule ufa. Mama yangu yuko ndani ya nyumba iliyopinda, na mimi nilikuwa bado napima kama naweza kuokoa watu bila kulitaja jina la yule mwanamke.

Nikampigia.

Tenneh alipokea mara ya kwanza. Nilimweleza. Hakuuliza kwa nini sikupiga mapema. "Siwezi kufika," akasema, "barabara ya chini imejaa maji, magari yamesimama. Nishikie simu kwenye kipaza sauti."

Nikaishika. Sauti yake ikatoka juu ya mabati, na kile Kitemne chake kibovu: "Watu wa Makoba, mimi Tenneh. Mlima mgonjwa. Tokeni."

Wallahi walitoka. Milango ilifunguliwa, watu wakaja na mabeseni vichwani kujikinga mvua, wengine wanatabasamu, kana kwamba wameitwa na ndugu. Nilisimama katikati yao kama mti wa kuning'inizia simu. Sijawahi kuona wivu kama ule. Niliuona hata wakati ule, na mlima umeinama juu yetu.

"Tenneh," Mbalu akapaza, "unatuahidi nini safari hii?"

"Mimi siko huko, siwezi kuahidi. Yeabu yupo. Muulizeni, na mumtazame usoni akijibu."

Simu ikakatika. Mtandao ukapotea kabisa.

Wakanitazama usoni.

"Haya," Mbalu akasema. "Viwanja?"

"Hakuna," nikasema. "Mwaka jana sikujua kwamba hakuna. Mwaka huu najua."

"Chakula?"

"Leo nitanunua mchele mimi. Kesho sijui."

"Vitu vyetu vitaibiwa?"

"Huenda. Sina askari wa kuweka hapa, na sitaki mtu abaki kulinda."

"Na shuleni tutakaa mpaka lini?"

"Sijui. Funguo hizi hapa. Nitalala pale na nyinyi. Hakuna atakayewatoa kabla mimi sijaja kuwaambia mwenyewe, na mkitolewa nitakuwa nimetolewa nanyi. Zaidi ya hapo sina."

Mvua ilikuwa inatiririka machoni sioni vizuri. Niliona tu mtu anafunga kilemba. Alikuwa Mama, ameshatoka nje, amebeba mkeka na lile bakuli lake.

"Leo hajui kitu hata kimoja," akawaambia. "Mtoto wangu nimemzaa mimi, akidanganya huwa anajua kila kitu. Twendeni."

Wakashuka. Mbalu alizima jiko lake, akambeba Mama mgongoni sehemu za utelezi. Pa Santigie alisema atafuata, anapita tu kuhakikisha kila nyumba iko tupu. Nilimwambia aje. Akasema, "Nenda na watu, mimi nina miguu."

Tulikuwa tumefika uwanja wa shule mlima ulipokuja. Haukuwa na ngurumo kama watu wanavyodhani. Ulikuwa mguno mmoja mrefu, kisha harufu ya udongo mpya. Tulipogeuka, nyumba za juu hazikuwepo. Kwa Mama hapakuwepo. Duka la mkaa halikuwepo.

Pa Santigie hakutoka.

19 Agosti

Tumemzika. Imamu alisema machache, mvua ikamkatiza. Mke wake mdogo hakunilaumu, na hilo ndilo ninalobeba. Wote waliokuwa nyumba za juu wako shuleni, wanapumua, wanagombania mikeka.

Tenneh alikuja mazikoni, amevuka maji kiunoni. Watu walimkumbatia, walilia shingoni kwake. Mimi nilikuwa napanga mstari wa wachimbaji. Hata siku hiyo niliangalia nani amemkumbatia na nani hajanigusa.

25 Agosti

Mama anakoroma. Nilikuwa nimesahau. Mbalu amenirushia kandambili kiza kilipoingia akidhani ni mimi ninayekoroma.

2 Septemba

Agizo limekuja: shule inafunguliwa, ukumbi uwe tupu Jumatatu, malori yatakuja kuwabeba, watu "warejee kwa jamaa zao". Nimelisoma nikiwa nimesimama. Sikungoja. Niliingia ukumbini nikawaambia vilevile lilivyo.

"Na wewe unafanyaje?" Mbalu akauliza.

"Sijui bado. Sitaruhusu malori yapite getini."

"Ameanza tena kutojua," mtu akasema nyuma, na kicheko kikapita. Hakikuwa kile cha tarehe kumi na mbili.

Mbalu alikaa akifikiri, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. "Uwanja wa mpira wa bandarini," akasema. "Uko tupu. Timu yenyewe inafungwa kila wiki, haitakasirika. Kuna bomba, kuna choo cha mashabiki. Mahema mnayo, niliyaona bohari yenu nilipokwenda kuuza samaki."

Mahema kweli yapo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau.

4 Septemba

Malori yalikuja kabla ya siku. Nilikaa juu ya gogo lililofunga njia ya geti. Dereva, kijana ninayemjua, alisema, "Mkuu, mimi nimetumwa tu." Nikamwambia, "Nami nilitumwa mwaka jana. Zima injini, chai ipo." Alizima. Wanawake walitoka wakakaa pamoja nami. Mchana malori yaligeuka.

8 Septemba

Kwa Bwana Nicol. Nilimwomba uwanja wa mpira na mahema. Alikasirika kwanza kuhusu malori, halafu akasema sawa. Nilibaki nimesimama.

"Kuna jingine?"

"Mrudishe Tenneh Lahai mashariki."

"Yeabu, wewe ndiye uliyeniomba nimwondoe. Ulisema magharibi wanamhitaji."

"Nilimwonea wivu. Magharibi sikuwa nawafikiria kabisa."

Katibu wake aliacha kuandika. Bwana Nicol akavua miwani. "Nikimrudisha sasa, hatarudi kuwa naibu. Baada ya yale ya mwezi jana wakubwa wanataka yeye awe mkuu. Umeelewa utakuwa chini yake?"

Nilielewa. Nilikuwa nimeelewa nikiwa bado kwenye ngazi za kupanda ofisini kwake, ndiyo maana nilizipanda polepole.

"Mrudishe," nikasema. Nikaenda chooni nikanawa uso.

20 Septemba

Tenneh amerudi. Turubai liko barazani. Bwana Nicol alimweleza kila kitu, najua, kwa kuwa aliponiona hakutania kama kawaida yake. Akasema tu, "Dada Yeabu, niambie kwanza mahema yanavuja wapi." Tukaenda uwanjani, walikohamia watu. Hajalitaja lile jambo tena, na mimi namchukia kidogo kwa wema huo.

Ameketi mahali pangu. Meza yangu ameitoa barazani na kuipandisha kwa matofali, kwa kuwa yeye ni mrefu.

27 Septemba

Manispaa imetoa eneo huko nyuma ya machimbo ya mawe. Safari hii tulisema hakuna kutangaza. Tulimpeleka Mbalu na wenzake wakalione kwanza kwa macho yao. Walilipima kwa hatua, wakachimba kwa visigino, wakaonja maji. Wakalikataa. Linatuamisha maji, walisema, na mchanga wake hauzai. Tenneh aliwaambia sawa, tutarudi kwa wakubwa na hapana hiyo. Mama alilitemea mate eneo lenyewe kwa msisitizo.

2 Oktoba

Mvua zinakwisha. Leo jua lilitoka mpaka tukafungua madirisha yote.

Asubuhi Mbalu alikuja barazani. Tenneh alikuwa mezani kwake, hana mtu, ametabasamu tayari. Mbalu alimpita, akamwambia "hujambo mwanangu", akaingia ndani moja kwa moja mpaka kwangu, kwenye kona yangu ya faili.

"Yeabu, hema langu linavuja tangu juzi, na ulisema utatuma mtu Jumatano. Leo Ijumaa. Umelala? Mama yako anakula samaki wangu bure kila siku na wewe umelala? Ulituambia mwenyewe, kwa mdomo huohuo."

Alinigombeza mpaka koo likamkauka, akaomba maji, akanywa, akaendelea. Nilimwambia fundi aliugua na nilipaswa kwenda kumwambia, sikuenda, ni kosa langu, fundi mwingine anakuja mchana. Akasema, "Ndiyo useme." Akaondoka, amechukua na peni yangu.

Tenneh alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alipohakikisha Mbalu ameshavuka barabara alisema, bila kunitazama, "Mimi hajawahi kunigombeza."

"Wanakupenda," nikamwambia.

"Wananipenda kama mgeni. Mgeni hagombezwi, anapewa mchuzi." Alikuwa anakwangua rangi ya mlango kwa ukucha. "Hema likivuja wanapita mezani kwangu wanakuja kwako. Wiki nzima nawaona. Najiambia sijali."

Niliinamisha kichwa kwenye faili kwa haraka ili asione uso wangu.

Mchana nilikwenda na fundi. Hema limezibwa. Mama ameniuliza kwa nini natembea nikiimba, nikamwambia ni jua.

Tenneh Lahai, mkuu wa kanda ya mashariki, ananionea wivu. Usiku wa leo nitalala vizuri.